Vizibo Vyote vya Mji Huu ni Vyangu

Vuta hilo kreti la soda ukae, maana haya mambo hayasimuliwi kwa kusimama. Kuna watu wanarudi shule. Kuna wanaorudi kanisani. Wengine wanarudiana na watalaka wao, tunawaombea. Mimi nimerudi kwenye detekta. Ile mashine ya kutafutia chuma ardhini, bana. Fimbo ndefu, sahani chini kama ya kulia ubwabwa, ukipita juu ya chuma inalia tiii. Yangu ilikaa darini miaka sita. Juzi nikaishusha. Ilishuka na mende wawili na kiota cha panya.

Usiniulize kwa nini nimerudi. Bei ya dhahabu, ndugu yangu! Kila asubuhi redio ya Mangi hapo dukani inasema imepanda. Mimi kila ninachomiliki kinashuka. Televisheni imeshuka bei, kabati limeshuka bei, mwenyewe ukinipeleka mnadani sidhani kama utapata nauli ya kurudi. Nikakaa nikawaza. Kitu kimoja tu kinapanda duniani, na mashine ya kukitafuta ninayo, ipo darini inalea panya. Nikajiona mjinga. Hata sasa najiona mjinga, ila ule wa mwanzo haukuwa na gharama.

Sasa ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Mashine yenyewe niliinunua mtumba kwa jamaa aliyekuwa anahama. Nikapanda basi moja kwa moja mpaka Chunya. Chunya nilikuwa naisikia tu. Dhahabu ya bonde la Lupa ilianza kuvumishwa miaka ya 1920, na miaka ya 1930 watu wa kila rangi wakajazana kule wakiosha mchanga mitoni. Mimi nikapiga hesabu zangu: watu wengi vile, haraka ile, lazima kuna waliyoiacha. Ya kwangu.

Nilikaa siku kumi na mbili. Nilipata makopo ya samaki, misumari, nusu ya jembe, risasi moja ya zamani na malaria.

Wachimbaji wadogo wa kule wana roho nzuri. Walinicheka siku tatu za kwanza tu. Siku ya nne mmoja akanionea huruma, akaishika mashine yangu, akaigeuza kama mtu anayekagua kuku mgonjwa. Akasema, "Mzee, hii ni ya kutafutia sarafu." Kumbe zina kabila zake! Yangu inafanya kazi kwenye kilohezi 6.5, sauti nzito, inasikia vizuri vitu vya ukubwa wa sarafu. Punje ya dhahabu ndogo kama chenga ya mchele inataka sauti kali, kilohezi 45 hivi. Halafu udongo mwekundu wenyewe umejaa madini ya chuma, unalia hata kama hakuna kitu. Lazima uipatanishe mashine na ardhi kwanza: unaipandisha na kuishusha, unaipandisha na kuishusha, mpaka itulie. Mimi nilikuwa nawaona watu wanafanya hivyo kila asubuhi. Nilidhani wanaomba dua. Na mimi nikawa nafumba macho kwa heshima.

Lakini hilo bado si la aibu. La aibu ni buti.

Nilikuwa na buti za mtumba, nzito, zile za viwandani. Nikawa kila nikitembea mashine inalia. Tii. Nachimba. Hakuna. Nasogea hatua moja. Tii. Nachimba. Hakuna. Siku hiyo nimechimba mashimo saba yamenyooka kama ya kupandia migomba. Jua la Chunya utosini. Mkononi malengelenge. Nikawaza nimepata mkondo wenyewe, mwamba mzima wa dhahabu unanifuata chini kwa chini. Akaja mtoto anachunga mbuzi, ana miaka kama tisa. Akanitazama muda mrefu. Akasema, "Shikamoo babu. Viatu vyako vina chuma puani."

Babu! Nilikuwa na miaka arobaini na nne.

Nilijipoza baadaye nilipopata habari za Alexander Graham Bell, yule wa simu. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, madaktari hawaijui ilipo. Bell akaja na mashine yake ya kutafutia chuma, akampitishia rais mwilini. Ikawa inababaika tu. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba rais alilazwa kwenye godoro la nyaya za chuma. Unaona? Bwana mkubwa na akili zake zote, godoro. Mimi buti. Tumepishana kidogo sana mimi na Bell. Yeye alibaki na simu, mimi nikabaki na fangasi, maana tangu siku hiyo natafuta nikiwa peku.

Haya. Mashine imeshuka darini, nimeifuta, nimeweka betri nne za rimoti. Rimoti ya televisheni ndiyo iliyotoa sadaka. Ikawaka! Nikaangua kilio cha furaha. Hapohapo nikatangaza sebuleni kwamba nimerudi rasmi, na kwamba safari hii nanunua mashine ya pili, ya kisasa.

Mama watoto alikuwa kwenye cherehani. Nyumba yetu ni kiwanda, kwa taarifa yako. Yeye ni fundi nguo, anashonea sebuleni, na sakafu yetu ina sindano nyingi kuliko duka la dawa. Zinaanguka, zinapotea kwenye mkeka, kesho yake naziokota mimi kwa unyayo. Hakunyanyua hata kichwa. Akasema, "Baba watoto, hiyo ya kwanza imekuletea nini?"

Nikasema uzoefu.

Akasema, "Huo uzoefu tunaula na mboga gani?"

Nikatoka nje. Mwanaume akikosa jibu anaenda dukani kwa Mangi. Kosa langu lilikuwa kuomba ushauri. Mtaa huu ukiomba maji utaambiwa hayajatoka tangu Jumanne, ukiomba ushauri unapewa ndoo tatu.

Mangi akasema nunua ya bei kubwa kuliko zote, mali ni mali. Fundi redio akasema nisinunue kitu, anipe siku mbili aifunge hii ya zamani spika ya baa. Nikampigia simu yule mchimbaji wa Chunya. Akasema achana na michezo, nunua ile inayotuma umeme kwa mapigo. Inapiga, inanyamaza, inasikiliza kinachojibu ardhini. Haijali sana udongo mwekundu, inazama chini kuliko hizi zetu. Nikauliza bei. Akataja. Nikamwambia mtandao unakatakata. Pesa ile unanunua bodaboda kadhaa na chenji ya kununulia helmeti. Halafu akaniambia kwa sauti ya upole kwamba mashine hizo hazijui sana kubagua, msumari na dhahabu zote kwake ni wageni, utachimba kila kitu. Nikasema huo ubora ninao tayari. Mimi mwenyewe nachimba kila kitu.

Mpwa wangu ndiye mtaalamu wa familia. Ana miaka ishirini na mbili, hajawahi kushika detekta, ila amezitazama kwenye YouTube mpaka macho yakawa mekundu. Akasema, "Mjomba, wewe unakaa Dar. Chunya unakufuata nini? Tafuta ufukweni. Watu wanaoga na pete, na cheni, vinadondoka." Nikaona mtoto ana akili, ametokea upande wetu. Akasema ninachotaka ni mashine ya masafa mengi, inayotuma kilohezi za chini na za juu kwa pamoja. Kampuni ya Minelab wanayo, tangu 2018 ipo inaitwa Equinox. Akaendelea kunitajia na nyingine na nyingine, kama kondakta anayetaja vituo. Mimi nimeshuka kituo cha pili.

Halafu akaniharibu kabisa. Akanionyesha kwenye simu sarafu ya dhahabu yenye tembo. Rupia 15. Imegongwa Tabora, mwaka 1916, kwenye karakana ya reli, maana vitani Mwingereza alishamzibia Mjerumani bahari na pesa kutoka kwao haziji. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, kule Singida. Kila sarafu ina gramu 7 na kidogo. Na Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora.

Sasa hebu fikiria na wewe. Mjerumani ana haraka. Mfuko mzito. Usiku. Mwembe uko jirani. Umeelewa? Mimi nilielewa mpaka nikakosa usingizi siku mbili. Nilikuwa nimeshauliza na nauli ya treni. Mpwa akanikumbusha kwamba watu wa Tabora nao wanajua kusoma, na miembe yao wanaijua kwa majina tangu 1916. Nikasema basi twende Kilwa, kwenye magofu. Akasema mjomba, utafungwa. Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 vinalindwa, na magofuni huchimbi bila leseni. Nikakasirika. Mimi kila ninapotaka kutajirika nakuta sheria imetangulia, imekaa, imekunja nne.

Basi nikaamua nisinunue kwanza. Nijifunze kwa hii niliyonayo. Wataalamu wanasema zika sarafu uani kwako, ujue mashine inaliaje. Mchana naona haya, watoto wa mtaa wananiuliza nafyeka nyasi zipi. Nikafanya alfajiri. Nikazika sarafu ya mia tano. Kumbe mia tano yetu ndani ni chuma, nje wameipaka nikeli, ukileta sumaku inaganda! Mashine ikababaika. Mara chuma, mara fedha, mara kimya. Nikahama nikaanzia upande wa pili. Nikarudi. Nimesahau nilipoizika. Kulipopambazuka nina mashimo manane na deni la mia tano kwa ardhi.

Sasa wewe jiweke kwenye dirisha la jirani. Saa kumi na moja alfajiri. Mtu mzima. Peku. Kaptula. Anazungusha fimbo inayolia, anainama, anafukia kitu, anatazama huku na huku.

Saa tatu nilikuwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Wajumbe watatu. Akasema, "Mzee wangu, wananchi wana hofu." Nusu ya mtaa walisema mchawi. Nusu walisema natafuta zebaki. Jirani wa kushoto hakuwa na upande, yeye alitaka tu kujua kama nimechimba kwake. Ikabidi niwashe mashine mbele ya kikao kuonyesha ni kitu cha kawaida. Ikalia kwenye meza ya mwenyekiti. Ikalia kwenye mkanda wa mjumbe. Ikalia kwenye mfuko wa jirani wa kushoto, akatoa koleo langu dogo lililopotea Pasaka. Tukaachana kwa amani. Koleo akaondoka nalo yeye, sijui ilikuwaje.

Jumapili tukaenda Coco Beach, mimi na mpwa. Kondakta wa daladala akanitoza nauli ya mtu wa pili kwa ajili ya mashine. Nikamwambia haikai kwenye siti. Akasema hata wewe hukai.

Mchanga mkavu, safi. Mashine imetulia, mimi nimetulia, upepo unavuma, nikajiona mzungu mstaafu. Nikasogea kwenye mchanga uliolowa. Uwiiii! Inapiga kelele kama gari la zimamoto. Watu wakaanza kutoka majini. Kumbe maji ya chumvi yanapitisha umeme, na mashine ya sauti moja kama yangu inadhani pale chini pote kuna mali. Bahari ya Hindi nzima ilikuwa inalia dili. Ndiyo maana ya yale masafa mengi, mpwa akanieleza, huku ananivuta mkono nirudi mchanga mkavu kabla sijapigwa.

Kwenye mchanga mkavu nako kuna mtihani wake. Mashine inakupa namba kwenye kioo. Msumari namba za chini, fedha namba za juu. Dhahabu? Pete nyingi za dhahabu zimepanga hapo katikati, nyumba moja na ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara na kile kidole cha kufungulia kopo la bia. Ukiiambia mashine iwanyamazie hao wapangaji wachafu, na pete umeifungia ndani. Usipoiambia, utaokota uchafu wa mji mzima. Halafu kuna kizibo cha soda. Huyo ni chuma mwenye vyeti vya kughushi. Ni bapa, amejikunja kingo, mashine inamsoma vibaya, namba inapanda kama ya kitu cha maana. Moyo unaenda mbio. Unachimba. Kizibo cha soda ya machungwa.

Nilipata vizibo thelathini na nne. Sizidishi, nilihesabu. Na kila kimoja kilinila dakika zangu, maana mashine inakuonyesha tu kwamba hapa pana kitu. Hapa wapi? Hapa sahani nzima. Ukishafukua, mchanga wote rangi moja, kitu kimehamia kwenye lile rundo, unapekua kwa vidole kama anayechambua mawe kwenye mchele. Mara moja nilipekua nusu saa. Jasho. Mgongo. Kuna watoto wamekaa wamenizunguka wanakula mihogo, wanashangilia. Kisichana kikaweka muhogo chini, kikachota mchanga mara moja, kikanipa. "Babu, hiki hapa."

Kizibo. Na neno babu juu.

Njiani mpwa akaniambia kisa, akidhani ananifariji. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia alikuwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao. Akaokota sarafu kwenye mchanga. Tano kati ya hizo zilikuwa sarafu za shaba za Kilwa! Za kwetu hizi, za masultani. Zimefikaje kule, wasomi wanabishana mpaka leo. Mimi shida yangu si zilifikaje. Shida yangu ni kwamba mtu hana detekta, hajui Kilwa iko wapi, anaokota sarafu za Kilwa Australia. Mimi niko bahari ileile Kilwa ilipo, nina mashine, nina betri za rimoti, nina vizibo thelathini na nne.

Mpwa akanyamaza mpaka kituo cha Morocco. Halafu akasema, "Mjomba, usikasirike. Wewe huhitaji mashine kubwa ya pili. Unahitaji pinpointa."

Pinpointa ni detekta ya mkononi, ukubwa wa tochi. Mashine kubwa ikishasema hapa, unachomeka hiki kidude shimoni. Kikikaribia chuma kinatetemeka na kulia. Kikigusa kinachachamaa. Nusu saa ya kupekua inakuwa nusu dakika. Bei yake hata bodaboda moja haifikii, labda taa zake. Wazoefu wengi wanasema uwe nacho hiki kabla hujaota mashine nyingine. Sasa kwa nini hawakuniambia kule mwanzo? Waliniambia, anasema mpwa. Nilikuwa nauliza nauli ya treni.

Nikauza baiskeli, nikaagiza. Ikaja wiki ya tatu. Rangi ya machungwa, imechongoka mbele. Nikaiweka mezani kwa heshima zote, nikaita familia. Mama watoto akaitazama. Akasema, "Umeuza baiskeli ukanunue mtambo, umerudi na karoti?"

Watoto wakacheka mpaka mdogo akapaliwa. Na mimi nikacheka kidogo, kwa ajili ya amani.

Sasa ndipo msiba wenyewe unaingia. Jioni ileile sindano ikamdondoka. Akaanza kupapasa mkeka kama kawaida yake. Mimi nikajitia fundi, nikasema subiri uone teknolojia. Nikapitisha karoti. Brrrr! Sekunde tatu. Sindano hii hapa. Akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile tangu nilipomposa. Halafu akaichukua karoti mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anayempokonya mtoto wembe. Akaupitia mkeka wote. Sindano kumi na moja, pini tisa, zipu mbili, na sarafu ya mia mbili. Nikanyoosha mkono nipewe karoti yangu. Akanipa ile mia mbili.

Sijaishika tena. Sasa anawaazima mafundi wenzake wa mtaa mzima, mia tano kwa kila kutafuta. Wiki mbili amepata elfu sita. Mimi tangu Chunya mpaka leo, jumla kuu, nimeingiza shilingi mia mbili, na nikitoa ile mia tano iliyo uani ninadaiwa mia tatu. Jumapili iliyopita nilitaka kwenda ufukweni. Nikaomba kwa adabu. Akasema hakuna shida, baba watoto, mteja ni mteja. Nikalipa mia tano. Na kitambulisho nikaacha.

Kwa hiyo ukisikia nina mashine mbili, si kweli. Ninayo ya kwanza. Ya pili ni ya mama watoto. Mimi bado natafuta. Wewe unaonaje, nichukue ya masafa mengi au nikope kabisa ile ya mapigo?

Umemaliza soda? Hapana, hapana, usikitupe chini hicho kizibo. Nipe mkononi. Nitakuja kukichimba.